Masikio ya Karisa

Asubuhi ile Mwaringa alikuja kwenye hema langu kulalamika kuhusu vidole vya miguu. Fangasi zilikuwa zimemla tangu tuvuke mpaka kuingia Somalia. Nilimpa dawa ya kupaka, nikamwambia aache kuvaa soksi mbichi. Akaniuliza kama nimeona soksi kavu mahali popote katika kambi ile, maana yeye hajaziona. Ndivyo alivyozungumza, kila jambo kwake lilikuwa swali.

Mimi nilikuwa mhudumu wa afya wa kikosi. Wenzangu waliniita daktari, na nilikuwa nimechoka kuwakosoa. Kambi nzima tulikuwa wanne tu wa pwani ya Malindi na Kilifi: mimi Sidi, wa Ganda, Mwaringa, wa Dabaso, Karisa, wa Tezo, aliyeshika redio ya mawasiliano, na Bakari, wa Malindi mjini, dereva wa lori la maji. Waliotoka bara walitucheka Kiswahili chetu. Walisema tukiomba chumvi ni kama tunasoma taarifa ya habari.

Siku hiyo Bakari alikuwa ametumiwa unga wa nazi na mkewe. Tangu alfajiri alikuwa ameinjika maharage nyuma ya lori lake, na kila aliyepita alimwuliza yataiva saa ngapi. Mwaringa alichukua dawa yake akaenda zamu ya lango. Karisa alikuwa kwenye kibanda cha redio, hatua chache kutoka langoni. Nilikaa nikakunja bandeji. Joto lilikuwa la kawaida. Nzi walikuwa wa kawaida.

Lori lililokuja langoni lilikuwa limebeba kuni. Hivyo ndivyo walivyosema baadaye walioliona.

Sikusikia mlipuko. Nilichojua ni kwamba hema lilikuwa juu yangu na mdomo wangu umejaa mchanga.

Risasi zilianza kabla vumbi halijatua.

Nilitoka kwa tumbo, mkoba wa dawa nikiuburura. Wa kwanza niliyemfikia alikuwa amepigwa pajani. Nilifunga, nikakaza, nikaenda. Wa pili sikuweza kumsaidia.

Mtu alipiga kelele kutoka upande wa lango: daktari, daktari.

Nikatambaa upande huo.

Nilimkuta Karisa kwenye handaki, amekaa, kichwa cha Mwaringa mapajani mwake. Alikuwa amemburura kutoka langoni hadi pale. Mwaringa alikuwa ameshafariki. Nilimshika shingo mara mbili kuhakikisha. Nikamwuliza Karisa, "Amefariki muda gani?" Hakujibu. Nikamwuliza kama naye ameumia. Akanitazama mdomoni, kimya. Nikampapasa kifua, tumbo na mgongo, sikuona tundu. Uzi mwembamba wa damu ulikuwa unatoka sikioni ukiingia kwenye ukosi wa shati. Niliufuta kwa kidole nikasonga mbele. Kulikuwa na watu wanaovuja damu zaidi ya hiyo, na ningerudishwa pale leo ningefanya vile vile.

Tuliishikilia kambi. Alasiri helikopta zilikuja zikachukua majeruhi, kisha zikarudi kuchukua waliokufa. Jua lilipokuwa linatua nilimwona Bakari akikwangua sufuria. Maharage yalikuwa yameungua yakashika chini, na hakutaka mtu mwingine amsaidie.

*

Mikataba ilipokwisha tulirudi nyumbani mmoja mmoja. Mimi nikapata kazi ya uuguzi kwenye kliniki ndogo ya mtu binafsi hapa Malindi. Bakari akanunua pikapu kuukuu, akawa anasambaza mitungi ya gesi madukani. Karisa akarudi kulima Tezo kwa wazazi wake.

Hii kazi nyingine tunayoifanya haikuanza kwa mkutano. Ilianza kwa simu ya mke wa mwenzetu mmoja pale Msabaha, aliyesema mumewe halali, anazunguka nyumba mpaka kuche. Bakari alinipitia, tukaenda, tukakaa naye mchana kutwa. Hatukumfanyia lolote la maana. Tulikula naye, tukamsikiliza, jioni tukaondoka. Wiki iliyofuata yule mke alipiga simu tena akauliza kama tutarudi. Mpaka leo, Jumamosi pikapu inapumzika na mitungi ya gesi, inatubeba sisi. Kuna mmoja Gede mwenye chuma mgongoni anayehitaji kupelekwa kliniki, maana gari la abiria humuumiza. Kuna mwingine Matsangoni ambaye kinachohitajika ni mtu wa kucheza naye karata bila kumwuliza maswali. Hatuna jina, hatuna ofisi, wala hatuna fulana.

Kila Jumamosi tulipitia Dabaso pia, kwa mama yake Mwaringa. Tulimpelekea unga na sukari. Alitupokea vizuri, akatupa maji ya kunywa, na kabla hatujaondoka aliuliza jambo lile lile: "Yule aliyekuwa na mwanangu mwisho, yuko wapi? Mbona haji?" Nikamjibu kwamba hajambo, ila afya yake haijatulia. Akasema, "Basi mwambie namwuliza."

Nilimwambia Karisa. Akatikisa kichwa akaendelea kupalilia.

Watu wakijua nilikuwa jeshini, kwenye harusi hunisogelea wakaniuliza kama nimewahi kuua. Wengine hunishika mkono wakasema taifa linawashukuru. Hawa wa pili ndio wanaonichosha zaidi, kwa sababu nimeshakwenda na Karisa kwenye ofisi nyingi, na shukrani hiyo sikuikuta hata dirisha moja.

*

Mbeyu, mkewe Karisa, alinipigia simu mchana wa siku ya kazi. Hakuwa mtu wa kupiga simu. "Dada Sidi," alisema, "njooni. Karisa amemvunja Mzee Ngowa mkono."

Shamba la Karisa liko kando ya njia, na Mzee Ngowa, jirani yao, alipita hapo kila asubuhi akienda kwenye minazi yake. Alipopita alisalimu. Karisa, akiwa ameinama na jembe, hakuitika. Kwetu mtu anaweza kukukosea mengi mkaelewana, lakini usipoitikia salamu ya mzee, huyo mzee atakwenda nayo kila mahali. Mzee Ngowa alikwenda nayo misibani na mikutanoni. Alisema jeshi limemrudishia Tezo kijana mwenye kiburi. Siku hiyo alichoka. Aliingia shambani, akamwendea Karisa kwa nyuma, akamshika bega ili amwulize ana kwa ana. Karisa aligeuka akamwangusha, akamkaba koo, mpaka Mbeyu alipokuja akajipenyeza katikati yao.

Tulimkuta Mzee Ngowa amekaa kwenye kiti cha kamba, mkono umefungwa. Wazee wengine walikuwa kando yake. Mambo yalikuwa yameshazungumzwa: Karisa aondoke pale na familia yake, akatafute mahali pengine, kwani watoto hupita njia ile.

"Shikamoo, baba," nilisema.

"Marahaba. Nyinyi ndio wenzake?"

"Ndio sisi. Baba, Karisa hana kiburi. Hasikii."

"Nilimwita kwa jina lake. Mtu akiitwa jina lake huitika."

"Masikio yake yaliharibika vitani."

"Mbona mkewe akimwita chakula huenda?"

Mbeyu alijibu kabla yangu, bila kuinua macho. "Haitwi, baba. Anaona sahani."

Mzee aliuweka sawa mkono uliofungwa. Kisha akasema, "Wewe ni rafiki yake, utasema hivyo. Huyu ni mkewe, atasema hivyo. Daktari asiyemjua na aseme. Akisema, mimi nitayamaliza. Asiposema, ataondoka."

Karisa alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba yake, anatutazama midomo mmoja mmoja. Sidhani alipata zaidi ya nusu. Aliponiona nimemaliza alikuja akanong'ona, "Nilidhani ni mtu mwingine." Hakujua sauti yake ilikuwa kubwa kiasi gani. Kila aliyekuwa pale alimsikia.

*

Hospitali ya kwanza walikuwa na mtaalamu lakini mashine ya kupima ilikuwa imeharibika. Ya pili walikuwa na mashine, na mtaalamu alikuwa amehamishwa. Wakatuelekeza turudi ile ya kwanza. Nilipowaambia tumetoka huko, yule dada wa dirishani akasema basi tungoje.

Tulijaribu upande wa jeshi vilevile, ofisi inayoshughulikia waliotoka kazini. Bwana mmoja mpole alitusikiliza mpaka mwisho. Akasema tatizo ni kwamba Karisa alipokuwa akitoka jeshini aliulizwa kama ana lalamiko lolote la afya, naye akajibu, "Hapana, afande."

"Hakusikia alichoulizwa," nilisema.

"Lakini alijibu."

"Alijibu walivyojibu waliomtangulia. Aliona midomo yao."

Yule bwana alikubali kwamba inawezekana. Alisema atalifuatilia. Alikuwa na uso wa mtu mwema, na hilo ndilo lililonikera, maana ukimkuta mkorofi unaweza angalau kugombana naye.

Hatimaye tulipata nafasi kwenye kliniki ya masikio, mbali na kwetu. Bakari aliacha kazi ya siku nzima. Tulifika mapema, ukumbi umejaa. Nilikaa na Karisa karibu na mlango, nimekaza masikio kwa niaba yake. Saa zilienda. Mama mmoja mzee alizirai kwenye foleni kwa joto, nikainuka kumsaidia mpaka alipopata fahamu. Niliporudi, aliyekuwa nyuma yetu alikuwa ameshaingia na kutoka.

Nilikwenda dirishani.

"Karisa tulimwita," alisema karani.

"Hii ni kliniki ya masikio."

"Ndiyo, dada. Lakini tulimwita. Mara tatu."

"Anayekuja hapa ni mtu asiyesikia. Mnamwitaje kwa sauti?"

"Huo ndio utaratibu. Mje mwezi ujao."

Nyuma yangu Karisa alikuwa ananigusa mkono. "Anasema nini?"

Nilimgeukia, nikamtamkia polepole ili aone: tuje mwezi ujao. Akatabasamu, akaweka kofia yake kichwani, akaanza kutoka. Kutabasamu kule kulinichoma. Nilitaka agonge dirisha. Nilitaka apasue kitu. Yule mtu aliyemwangusha mzee wa watu kwa kuguswa bega, pale ambapo hasira ingemfaa hakuwa nayo.

Bakari aliendesha mpaka Mtwapa. Kisha akasema, "Hawa wangekuwa kliniki ya macho, wangeita wasioona kwa kuwaonyesha kibao."

Tulirudi mwezi uliofuata. Safari hii nilisimama mlangoni, sikukaa hata mara moja. Daktari aliyempima alikuwa kijana mwenye haraka lakini makini. Akasema sikio la kushoto limekwisha kabisa, la kulia limebaki na kidogo, na kama lingetibiwa na kulindwa mapema huenda lingebaki na zaidi. Nilimwomba aseme hayo mbele ya simu ili Mzee Ngowa asikie kwa sauti yake. Akacheka, lakini akakubali.

Mzee Ngowa alisikiliza ile sauti kwenye simu yangu, mkono wake ukiwa bado umefungwa. Akaniomba niirudie. Halafu akamtazama Karisa, akainua mkono wake mzima juu ya kichwa, kama mtu anayemwita aliye ng'ambo. Karisa akainua wake. Wazee wakaliacha hapo. Mbeyu aliingia ndani akakaa huko muda mrefu.

*

Ilitupasa kuridhika. Tulifanikiwa hata kumpatia kifaa cha kuvaa kwenye lile sikio la kulia, baada ya kuomba kwa watu wengi. Siku alipokivaa kwa mara ya kwanza Mbeyu alitamka jina lake, naye akageuka. Bakari alitoka nje akajifanya anaangalia gurudumu.

Jumamosi ya pili tulimkuta hana kifaa.

"Kiko wapi?" Bakari alimwuliza kwa ishara.

Alionyesha kabatini.

Bakari ni mtu mtulivu, lakini siku hiyo alikuwa amechoka. Alisimama mbele ya Karisa ili midomo yake ionekane, akasema, "Tumezunguka pwani nzima. Watu wamejinyima. Mimi nimeacha kazi. Sidi amesimama mlangoni kama mlinzi. Wewe unakitia kabatini?"

Karisa alingoja amalize. "Mlitaka nisikie watu," alisema. "Hakileti watu. Kinaleta sufuria. Kinaleta bati. Mlango ukifungwa na upepo naingia chini ya kitanda, watoto wangu wananiona. Juzi mtoto alidondosha sinia nikamkaba mkono. Bila hicho kitu, nyumba yangu ina amani."

Bakari alikaa chini. Nilikuwa na hasira na sikujua niielekeze kwa nani. Aliyeendesha lile lori la kuni alikufa siku ile ile. Karani alifuata utaratibu. Bwana wa ofisini bado alikuwa akifuatilia.

Ndipo Karisa akasema, "Nipelekeni Dabaso."

*

Njiani Bakari alisimamisha pikapu baada ya Matsangoni. Akamgeukia. "Atakuuliza mwanawe alisema nini. Mwambie alimtaja yeye. Mwambie alisema mama. Itakudhuru nini?"

Karisa alimtazama mdomo, kisha akatazama mbele.

Mama yake Mwaringa alikuwa amekaa nje anashona makuti, miguu ameinyoosha. Nilimwambia huyu ndiye Karisa. Hakuinuka. Alimwonyesha mkeka, akamtazama kwa muda, kama mtu anayepima kitambaa.

"Mbona hukuja miaka yote?"

Nilikuwa tayari kumtamkia Karisa upya, lakini alikuwa amemwona vizuri. "Niliogopa utaniuliza, mama."

"Nakuuliza sasa. Mwanangu alikufa pale pale?"

"Hapana. Alikuwa hai kidogo."

"Alisema?"

Bakari aliangalia chini.

"Alisema," Karisa alijibu. "Midomo ilikuwa inatembea. Lakini mlipuko ulikuwa umenipasua masikio. Sikusikia hata neno moja, mama. Nilimwinamia, nikamwambia sikusikii, akasema tena. Sikusikia."

Mama alitazama makuti yake. Kisha alinigeukia mimi, na sauti yake ilikuwa kali. "Mmeniletea sukari miaka yote hii. Hili hamkuniletea."

"Sikulijua, mama," nilisema. Ilikuwa kweli. Karisa hakuwahi kumwambia yeyote, na mimi sikuwa nimefikiria kwamba kulikuwa na cha kusikia.

"Nionyeshe," alimwambia Karisa.

Hakuelewa. Mama akajigusa midomo yake, akamwelekezea kidole. Nionyeshe.

Karisa alifunga macho. Alifunga midomo, akaifungua, ikabaki wazi kidogo. Hakutoa sauti. Mama alisogea mbele kwenye mkeka mpaka magoti yao yakakaribiana.

"Rudia."

Alirudia. Mama akaiga kwa mdomo wake mwenyewe, kimya, mara moja na tena. Kisha akatia sauti. "Ma," alisema. Akamshika Karisa kidevu ili afungue macho amwone. "Midomo ilikutana mara moja au mara mbili?"

Nilielewa alichouliza kabla Karisa hajaelewa. Mtu akisema mama, midomo hukutana mara mbili. Akisema maji, hukutana mara moja. Na mimi najua wanachoomba watu waliopoteza damu nyingi. Nimeombwa na wengi.

Karisa alifikiri. Jasho lilimtoka. Nilimwona Bakari akimtazama kwa macho ya kumsihi.

"Sikumbuki," alisema Karisa. "Kulikuwa na vumbi."

"Ulimpa maji?"

"Sikujua kama anayaomba."

Mama alimwachia kidevu. Alirudi nyuma mahali pake, akachukua kuti lake, lakini hakushona. Alikaa nalo mapajani. Baadaye alimwuliza Karisa ana watoto wangapi na wanaitwa nani, naye akamtajia. Akatupa samaki wa kukausha tumpelekee Mbeyu. Tulipoaga alimshika Karisa mkono kwa mikono yote miwili.

Ndani ya gari Bakari alisema, "Angempa neno moja tu." Hakulisema kwa hasira. Karisa, aliyekuwa katikati yetu, hakuona midomo yake.

Hayo yana muda sasa. Karisa yuko Tezo, analima. Kifaa hukivaa akienda mjini, kwa ajili ya magari. Mzee Ngowa mkono wake haukunyooka vizuri, lakini asubuhi akipita huuinua. Ofisi haijajibu. Yule wa Msabaha amehama, hatujui aliko. Sisi Jumamosi bado tunakwenda, na watu bado huniuliza kama tunachofanya kinasaidia. Siku nyingine huwaambia ndiyo ili waniache.

Dabaso tunapita kama zamani. Mama hutupa maji, hupokea unga, huuliza hali ya barabara. Lile swali lake la aliyekuwa na mwanawe hajaliuliza tena. Miaka yote ile nilidhani siku atakapoacha kuliuliza nitapata nafuu. Ameacha, na mimi nakaa pale na glasi mkononi nikijiuliza Mwaringa alisema nini, mpaka Bakari anapopiga honi.